Diski Mbili Juu ya Meza Moja

Mke wangu alikuwa akiniuliza kila alasiri watu wamekwenda wapi. Aliketi kwenye kiti chake cha plastiki mbele ya kompyuta, leso ameifunga vizuri kama mtu anayesubiri ibada ianze, akauliza kwa sauti ya kawaida, bila hasira. Watu aliowataka walikuwa ndani ya kompyuta hiyo. Mimi ndiye niliyewafuta.

Nilikuwa karani katika shamba la mkonge hapa Voi, na nilipostaafu nilinunua kamera ya video. Wenzangu walinunua ng'ombe. Mimi nilipanda mlimani Mghange kwa wakwe zangu nikakaa huko msimu mzima wa mavuno, nikimpiga picha mama mkwe akipukuchua mahindi, na mke wangu na dada yake wakichuma maharagwe kwenye matuta, wakiimba, wakitaniana kwa Kidawida, lugha ya kwetu, wakigombana kuhusu nani aliyeacha lango la mbuzi wazi. Hakuna jambo kubwa lililotokea katika video hizo. Mama mkwe anapuliza moto. Ukungu unashuka, unafunika migomba, unaondoka. Mtu anaitwa kutoka ng'ambo ya bonde naye anaitikia. Wakati huo mke wangu alinicheka, akasema nimepoteza pesa za uzeeni kurekodi watu wakifanya kazi badala ya kuwasaidia.

Mama mkwe alifariki. Miaka ikapita. Binti yetu anayeishi Mombasa alipotuletea kompyuta, nilihamishia humo kanda zote za ile kamera, kisha kanda zenyewe nikazichoma nyuma ya jiko. Zilikuwa zimejaza kabati, na mijusi walikuwa wameanza kutaga katikati yake. Nilijiona nimefanya usafi. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na nililifanya nikipiga mluzi.

Ugonjwa wa kusahau ulimwingia mke wangu polepole. Mwanzoni alitia chumvi mara mbili kwenye mboga. Halafu akapotea akitoka sokoni, kwa njia aliyoipita tangu tulipohamia mjini. Halafu akaacha kuniita Baba, akawa ananiita "wewe," kama mtu wa kupita. Daktari alituambia tusitegemee arudi alivyokuwa, na akatuandikia vidonge vya kumpa usingizi.

Siku moja nilikuwa nikitazama zile video za Mghange peke yangu. Nilisikia anakuja, akasimama nyuma yangu. Akamwita mama yake. Akavuta kiti, akaketi, akaanza kuzungumza na wale watu kwa Kidawida, akiwajibu, akimwambia dada yake kwamba lango la mbuzi si yeye aliyeliacha wazi. Alicheka mpaka akajifuta macho. Video ilipokwisha alinigeukia, akasema, "Baba, umekula?"

Nilikuwa nimekula. Nikamwambia sijala, ili aende jikoni kama zamani. Alikwenda, akapakua, akakaa kunitazama nikila.

Kuanzia hapo tulifanya hivyo kila alasiri. Nilifungua folda ya Mghange naye akaingia humo, na alipotoka alikuwa mke wangu, mara nyingine kwa muda mfupi, mara nyingine mpaka jua lizame. Nilijua asubuhi itafuta kila kitu. Haikunisumbua, maadamu alasiri ilikuwa inakuja.

Ndipo kompyuta ikaanza kulia. Stima ya hapa kwetu hupotea na kurudi kwa kishindo, na jirani yangu alikuwa ameunguza televisheni wiki hiyohiyo. Ndani ya kompyuta kulikuwa na mkwaruzo, kama mtu anayesugua sufuria kwa mchanga. Niliogopa kuliko siku daktari alipotuita ofisini kwake. Niliibeba mpaka kwa fundi.

Fundi huyo ana duka karibu na soko. Ni mtu wa makamo, wa familia ya Kiislamu iliyotoka pwani zamani za babu zake kuja kufanya biashara, na hajaacha Kiswahili chao.

"Shikamoo, mzee wangu. Umembeba mgonjwa?"

"Marahaba. Anakwaruza."

Akatega sikio kwenye kompyuta, akatikisa kichwa. "Huyu aaga huyu. Hebu tumtoe roho kabla hajaitoa mwenyewe."

Alifanikiwa kutoa kila kitu, video zote zikiwa nzima, akaziweka kwenye diski yake ya dukani. Kisha akanikalisha tuchague nitakakozihifadhi. Akaniambia naweza kununua diski moja kubwa mpya, lakini ikifa ndiyo basi. Naweza kuunganisha diski mbili zifanye kazi kama moja kubwa yenye kasi, lakini ikifa mojawapo, zote zimekwenda. "Hiyo hata ukipewa bure usichukue," alisema. Au naweza kununua kisanduku chenye diski mbili ambacho kila kinachoandikwa kwenye ya kwanza huandikwa papo hapo kwenye ya pili. Ikifa moja, nyingine inaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Mpango huo wa kuziunganisha diski, alisema, unaitwa reidi.

Nilifurahi sana. Nikamwambia, "Nimeelewa. Hiyo ni shamba la juu na shamba la chini."

Lazima nieleze nilichokuwa nikifikiria, kwa sababu kila kitu kilitokana na hapo. Kwetu milimani, mtu mwenye akili hakulima mahali pamoja. Baba yangu alikuwa na shamba Mghange na shamba jingine kule tambarare, kuelekea Mwatate. Mvua ikikataa chini, juu kuna ukungu na maharagwe. Baridi ikiharibu ya juu, chini kuna mtama na mbaazi. Ndovu wakivunja ua na kumaliza shamba la chini, mama yetu alisema maneno mabaya kuhusu ndovu, akafunga kamba ya kikapu, akapanda mlima kuvuna. Ukiwa na uhitaji unaweza kuvuna la chini lote, ukauza lote mpaka mabua, na ukalala usingizi, kwa sababu la juu liko na halijui uliyoyafanya huku chini.

Basi nilipoambiwa diski mbili, niliona mashamba mawili. Nilidhani ninayoiona kwenye kioo ndiyo ya chini, ya kulima na kuvuna, na ile nyingine iko juu, imetulia, haiguswi.

Fundi hajawahi kushika jembe. "Naam, mfano wa hivyo," alisema. "Ila mzee, utahitaji na bekapu, nakala nyingine kando na hii..."

"Si hizi ni mbili tayari?"

"Ni mbili, lakini reidi na bekapu..."

"Mbili zinanitosha," nilisema. "Usinifanye ofisi ya serikali."

Akacheka, mimi nikacheka, akazihamishia video kwenye kisanduku, akaifuta diski yake ya dukani kwa kazi nyingine, akanirudishia kompyuta iliyotengenezwa, ile diski yake ya zamani ikiwa imeshakufa. Kuna watu wanaoniambia fundi alinidanganya. Hakunidanganya. Alijaribu mara mbili na mimi nilimkatiza mara mbili.

Haya yote yalisemwa na mtu ambaye shamba la juu alikuwa ameshaliuza. Baba alipofariki, miaka kadhaa baada ya zile video, nilimuuzia mtu mwingine ile ardhi ya Mghange nikajenga nyumba ya Voi, mahali pa joto, karibu na barabara na hospitali. Dada ya mke wangu, shemeji yangu, alinyosha kidole mbele ya ukoo mzima akasema, "Huyu ameuza chakula cha watoto wake ili apate choo cha ndani." Watu walicheka. Tangu siku ile sikupenda kupanda Mghange. Njia ya kwenda kwa shemeji inapita kando ya shamba lile, na mwenyewe mpya amepanda miti ya makadamia, imestawi.

Kwa hiyo shemeji aliponipigia simu, nilikuwa na sababu zangu za siri.

"Shemeji, nimesikia unamwonyesha dada video za mama."

"Ndiyo."

"Hata mimi nataka kumwona. Nitengenezee nakala uniletee. Mtoto wa jirani ana kompyuta ya shule."

"Nitaleta," nilisema.

Alipiga tena na tena. Nitaleta, barabara ikikauka. Nitaleta, dada yako akipata nafuu. Nakala ile ingetoshea kwenye kidude kidogo kuliko kibiriti. Sikuipeleka, kwa sababu sikutaka kupita kando ya makadamia ya mtu.

Kamera nilikuwa bado naitumia. Watu waliniita kurekodi harusi na mazishi, na kazi hiyo ilitusaidia kununua dawa. Nikaitwa Mahoo, kule Taveta, kwenye mazishi ya mzee mmoja aliyekuwa na watoto wengi na wasemaji wengi zaidi. Niliporudi na kamera iliyojaa, kisanduku kilikataa. Kilisema hakina nafasi. Familia ya Mahoo ilikuwa inapiga simu kutaka video yao kabla ndugu wa ng'ambo hawajarudi walikotoka.

Nikatazama folda kubwa kuliko zote. Ilikuwa ya Mghange. Nilifikiri kama mkulima. Nikasema moyoni, nitavuna hili la chini, nifanye kazi ya watu, halafu nitateremsha mbegu kutoka juu. Kompyuta iliniuliza kama nina hakika. Nilikuwa na hakika. Nikabonyeza, folda ikaondoka, nikamimina mazishi ya Mahoo mahali pake, yote, na hotuba zake zote.

Alasiri mke wangu akaja na leso yake, akaketi.

"Ngoja kidogo, Mama," nilimwambia. "Nakwenda kuwaleta."

Nilikizima kisanduku. Nikachomoa diski niliyoiita ya chini, nikaiacha ile nyingine peke yake, nikawasha. Nilikuwa nimetulia kabisa. Taa ya njano ikamulika, orodha ikafunguka. Ilikuwa orodha ileile. Harusi zilezile na mazishi ya Mahoo, na pale palipokuwa na Mghange hapakuwa na kitu. Nilichokifuta kwenye moja kilikuwa kimefutwa kwenye nyingine papo hapo, kama fundi alivyosema kwamba kila kinachoandikwa huandikwa kotekote. Sikuwahi kuwa na mashamba mawili. Nilikuwa na shamba moja, na nilikuwa nimelilima lote.

Mkono wangu ulikuwa bado unabonyeza hapa na pale, na bila kukusudia nikafungua video ya Mahoo. Jeneza lilitokea kwenye kioo, na wanawake wanaimba.

Mke wangu akasogeza kiti. "Nani amekufa?"

"Mzee mmoja wa Mahoo."

"Tunamjua?"

"Hatumjui."

Akatazama kwa makini, akiwatafuta watu wake katikati ya waombolezaji. Hakumwona hata mmoja. Kisha akaanza kulia, kwa adabu, kama mtu anayelia msiba wa jirani. Niliizima. Akaniuliza, "Watu wamekwenda wapi?"

Fundi aliponiona nikiingia na kisanduku kifuani hakunitania. Nilimweleza. Akaniuliza jambo moja tu.

"Baada ya kufuta, uliandika kitu juu yake?"

"Niliandika msiba."

"Mwingi?"

"Wote."

Akaondoa miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu. "Mzee wangu," alisema, "reidi ni ya siku diski inapokufa. Si ya siku mkono wetu unapokosea. Mkono ukikosea, reidi hukosea nawe, tena upesi."

Alizipeleka diski zote mbili kwa wataalamu wa Nairobi. Tulingoja. Zikarudi na folda yenye majina ya video zangu zote, yakiwa yamepangwa vizuri, na ukifungua jina hakuna kitu ndani. Moja tu ilifunguka. Ni kipande kifupi cha ukungu. Migomba haionekani, hakuna mtu, hakuna sauti.

Nilimwonyesha mke wangu hicho. Aliinama mbele akasubiri ukungu uondoke. Kipande kikaisha. Nikakirudisha mwanzo kwa sababu alikuwa bado anasubiri, na kikaisha tena.

Binti yetu alikuja kutoka Mombasa. Hakunigombeza, na hilo lilinichoma zaidi. Alimwonyesha mama yake picha za kawaida, za harusi na za shule. Mke wangu alizitazama kama mtu anayeonyeshwa vitambaa dukani na hana nia ya kununua. Hazikusema Kidawida. Hazikumlaumu kuhusu lango la mbuzi.

Kila alasiri akaendelea kuja na kuuliza. Mwanzoni nilimjibu kwamba wamekwenda shambani. "Watarudi saa ngapi?" Jioni. Jioni ikifika alikuwa amesahau, na kesho tulianza upya. Nilichoka kudanganya. Siku moja sikumjibu kabisa. Nilichukua simu nikamrekodi, sijui kwa nini, labda ni mazoea ya mikono yangu. Yuko pale kwenye kiti, leso ya buluu, anatazama kioo. Anauliza, "Watu wamekwenda wapi?" Ananyamaza. Anageuka upande wangu, anauliza tena. Nyuma yake treni inapita mbali. Basi, hiyo ndiyo yote.

Nilirudi dukani nikamwambia fundi safari hii nataka kufanya alivyotaka tangu mwanzo.

"Sawa. Kisanduku chako kibaki na diski zake mbili, kikukinge na stima na uzee wa vyuma. Diski ya tatu utaichomeka siku moja kwa wiki, unakili, uichomoe uifungie kabatini, ili mkono ukikosea usiifikie. Na ya nne ikae nje ya nyumba yako kabisa, kwa mtu unayemwamini. Moto ukija, mwizi akija, hiyo iko."

"Kama shamba la juu," nilisema.

"Sasa ndiyo," alisema. Kisha akauliza, kama anavyopaswa kumuuliza mteja yeyote, "Tunahifadhi kiasi gani? Nijue ukubwa wa diski."

Nikamtolea simu, nikamwonyesha video ya mke wangu na kipande cha ukungu. Alitazama zote mbili mpaka mwisho. Zingeingia kwenye flashi ya kuchezea watoto. Hakusema hivyo. Alichukua diski mbili ndogo kuliko zote dukani, na alipokuwa akifunga nilimsikia akisema kwa sauti ya chini, "Mola atusitiri."

Diski ya nne niliipandisha Mghange mwenyewe. Nilipita kando ya makadamia. Shemeji alikuwa uani anaanika mahindi, amezeeka, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi anavyofanana na mama yake kwenye zile video. Aliona kidude mkononi mwangu akaacha kazi, akajifuta mikono.

"Umemleta mama?"

Nilimwambia ukweli nikiwa nimesimama. Nilimwambia nilifuta, na kwamba kama ningeleta alipoomba, mama yake angekuwa hapo nyumbani kwake salama, na mke wangu angekuwa na mahali pa kwenda alasiri. Hakunikatiza.

"Uliuza la juu," alisema nilipomaliza. "Halafu ukaja kufuta na mama."

"Ndiyo."

"Na hiki ulichonipandishia mlima ni nini?"

"Ni dada yako. Anauliza mko wapi."

Alikipokea. Hana kompyuta, na hakuuliza kitafunguliwaje. Aliingia ndani, nikasikia sanduku la bati likifunguliwa, na harufu ya dawa ya nondo kutoka kwenye blanketi ikanifikia mlangoni. Alipotoka hakunikaribisha chai. Alirudi kwenye mahindi yake, na mimi nikateremka.

Kwa hiyo sasa nimejipanga vizuri. Kila Jumamosi nachomeka diski ya tatu, nanakili, nachomoa, nafunga kabati. Kisanduku kinamulika taa mbili za kijani. Mtu akija kuniuliza namna ya kulinda vitu vyake vya kompyuta namweleza vizuri kabisa, hatua kwa hatua, na watu hunishukuru.

Mke wangu haji tena alasiri. Hali yake imeteremka. Siku moja alipita tu kando ya kile kiti kama kiti chochote, akaenda kukaa mlangoni. Nilimngoja kesho yake na siku zilizofuata. Nimegundua kwamba lile swali nililokuwa nikilikimbia lilikuwa kitu cha mwisho alichokuwa nacho cha nyumbani kwao.

Juzi nilimshika mkono nikamketisha mbele ya kompyuta, nikafungua ile video ya simu. Akamwona mwanamke mwenye leso ya buluu. Hakumtambua. Mwanamke akauliza, "Watu wamekwenda wapi?" Akanyamaza. Akageuka, akauliza tena. Treni ikapita mbali, kioo kikawa cheusi.

Mke wangu alinitazama, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, kwa macho ya mtu anayetaka kitu.

"Huyo mama," alisema. "Mbona hamumjibu?"